Ukurasa wa Mwizi Msalabani

Nina daftari la jalada jeusi, kurasa mia mbili, ambalo nimelijaza kwa mkono wangu mwenyewe kwa miaka kumi na minne. Ndani yake mna kila hoja ambayo mtu aliwahi kunitolea kuhusu ubatizo, na chini ya kila hoja mna jibu langu. Hoja nimeziandika kwa kalamu ya bluu, majibu kwa nyekundu. Mimi ni fundi bomba, na fundi bomba asiye na mpangilio hufurikisha nyumba za watu, kwa hiyo hata daftari langu lina orodha ya yaliyomo. Ukitaka habari za maji machache, fungua ukurasa wa sita. Ukitaka watoto wachanga, anza kumi na tisa mpaka thelathini na mbili, maana hapo wapinzani ni wabishi hasa. Na ukimtaka yule mwizi aliyekufa msalabani pembeni mwa Bwana, akaahidiwa kuingia peponi bila kuguswa na tone la maji, huyo yuko ukurasa wa arobaini na moja.

Mwizi nitamrudia. Kwanza nimseme kaka yangu, kwa sababu daftari lote, nikiwa mkweli, nililiandika kwa ajili yake.

Kaka ni kinyozi, amenizidi miaka mitatu. Mama alitulea sote, pamoja na dada yetu kitinda mimba, katika kanisa lake, lile linalobatiza kwa kumwagia mtu maji kichwani. Nilipotimiza miaka thelathini nikahamia kanisa linalozamisha. Nilizamishwa mtoni mbele ya watu mia mbili na kaka hakuja. Alisema hawezi kupoteza asubuhi nzima kwenda kumtazama mdogo wake akioga. Alikuwa anatania, na watu wote walicheka, lakini mimi utani ule uliniingia. Wiki hiyohiyo nilinunua daftari.

Tangu hapo, kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumatano mchana, saa ambayo kinyozi hana watu, nilikwenda kukaa kwenye kiti chake. Alinifunga kitambaa shingoni, akawasha mashine, tukaanza. Tulibishana kupitia kioo. Yeye kasimama nyuma yangu, mimi namwona kwenye kioo, naye ananiona humohumo, na hakuna aliyegeuza shingo. Alininyoa hivyo miaka yote hiyo huku akifoka, na hakuwahi kunikwaruza hata siku moja. Wateja waliofika mapema walikaa kwenye benchi wakatusikiliza. Wengine waliniunga mkono mimi, wengine yeye. Wapo pia waliotuambia waziwazi kwamba kama wokovu wenyewe ndio huu, wao watasubiri kidogo.

Hilo tulilicheka. Namkumbuka hata mtu mwenyewe aliyelisema, dereva wa lori mwenye mwanya. Tulicheka, naye akacheka, akaenda zake, na sisi tukaendelea pale tulipoachia.

Nisijifanye mnyonge hapa. Nilikuwa ninashinda. Kaka ana moyo mkubwa lakini hana kumbukumbu, na katika ubishi moyo haukusaidii kitu. Alinipata mara moja tu, siku aliyomtoa yule mwizi. "Huyo naye alizamishwa mto gani?" aliniuliza, na benchi zima likapiga makofi. Nilirudi nyumbani nikanuna siku mbili, mke wangu akadhani nimefiwa. Nikasoma. Jumatano yangu ilipofika nilimrudia na pointi tatu. Ya kwanza, mwizi alikufa kabla amri ya kubatiza haijatolewa, kwa hiyo hakuna amri aliyoivunja. Ya pili, aliahidiwa na Bwana mwenyewe kwa kinywa chake, na leo hakuna anayeweza kudai ameahidiwa vile. Ya tatu, mwizi alipigiliwa misumari, asingeweza kushuka kwenda majini hata angetaka. Mtu aliyeweza na asifanye, huyo hana udhuru.

Kaka alizima mashine, akafikiri, akaiwasha tena. Miaka yote ile nilitaka kusikia neno moja tu kutoka kwake, aseme "umenishinda," na hata siku ile hakulisema. Lakini usoni mwake kwenye kioo nililiona, ikanitosha. Nilipofika nyumbani nikaipigia ile pointi ya tatu mistari miwili chini, kwa nyekundu.

Kuna mtume aliyewaonya watu wajiepushe na mabishano ya kipumbavu, akasema hayana faida. Naujua mstari huo, uko ukurasa wa themanini na tatu. Nilikuwa nautumia kumnyamazisha kaka kila alipoelekea kunizidi.

Baba yetu hakuwa wa kanisa lolote. Alikuwa fundi cherehani, na majoho ya kwaya karibu zote za mji yalipita mikononi mwake. Alijua kola ya kila dhehebu na urefu wa mikono yake, ila hakujua hata wimbo mmoja. Mama alipomgusia habari za kanisa alijibu, "Nikiingia kwa mmoja, wengine watapeleka vitambaa vyao kwingine." Mama hakuwa mtu wa kujibizana. Yeye alimwombea tu. Kila alfajiri, kabla ya kuwasha jiko, alipiga magoti kando ya ile cherehani, na kwa kuwa nyumba ilikuwa ndogo sote tulimsikia akimtaja. Alifanya hivyo miaka thelathini na minane, mpaka alipofariki. Baba alikanyaga kanisani mara moja tu, siku ya kumuaga.

Mwaka na nusu baadaye moyo wa baba ulianza kuchoka. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, akaacha kushona. Dada yetu, ambaye hakuolewa na alibaki nyumbani, ndiye aliyemuuguza. Jumapili moja mchana baba alituita mimi na kaka, tukakaa pande mbili za kitanda, dada kasimama mlangoni na taulo mkononi.

"Nataka kubatizwa," alisema.

Tulidhani hatukusikia vizuri.

"Mama yenu aliniomba kitu kimoja maisha yake yote," akaendelea, akivuta pumzi katikati ya maneno. "Nguo nilimshonea, nyumba nilimjengea, hicho kimoja sikumpa. Nimelala hapa nimeona nilikuwa mjinga. Na huyo Mungu wake, siku hizi huwa nazungumza naye. Nikiwa peke yangu. Nadhani ananisikia."

Dada alijifunika uso kwa taulo akalia. Kaka aliteremka kwenye kiti akapiga magoti sakafuni. Na mimi, Mungu anisamehe, mimi mtoto wa mama yule, kitu cha kwanza kilichonijia kichwani kilikuwa swali, nikaliuliza.

"Kwa namna ipi, baba?"

Alinitazama kama fundi anavyotazama mteja aliyeleta kitambaa pungufu. "Namna yoyote. Mambo yenu hayo mimi siyajui. Ila sitaki kuchagua kati ya wanangu. Kubalianeni wenyewe, mje siku moja, msimame hapa pamoja. Mmoja afanye, mwenzake anishike mkono. Iwe Jumamosi. Sijioni kama nina muda."

Ndivyo ilivyokuwa. Wachungaji wetu wote wawili waliruhusu. Mgonjwa wa kitandani anaweza kubatizwa na mzee wa kanisa, na sisi sote ni wazee wa kanisa, kila mmoja kwake. Kilichobaki kilikuwa kukubaliana tu, na tulikuwa na siku sita.

Dada alitoa shauri Jumatatu. "Mmwagieni maji, kisha mmtumbukize," alisema. "Vyote viwili. Mungu atachagua anachokitaka." Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne mimi na kaka tulikuwa upande mmoja: tulimwambia kwa pamoja kwamba hiyo ni kufanya mzaha na mambo matakatifu. Dada alituangalia, akarudi jikoni.

Jumatano nilikwenda kwa kaka na daftari. Aligeuza kibao cha mlangoni kuonyesha kwamba amefunga, nami nikakaa kwenye kiti bila kunyolewa. Nilimsomea ukurasa wa sita wote. Nilimwambia hiki si kipindi cha utani, hii ni roho ya baba, na ubatizo nusunusu ni sawa na bomba lililofungwa nusu, mwisho wake ni kuvuja. Aliniambia baba hawezi kuinuliwa, maji yatamuua. Nilimwambia nitayapasha moto. Saa mbili nzima. Mwishowe alishika tama, akasema, "Haya, mdogo wangu. Fanya unavyoona." Mimi nikasimama, nikamwambia, "Basi Jumamosi, kwa amani." Tukapeana mikono.

Baadaye sana ndiyo nilielewa kilichotokea pale. Mimi nilichukua "fanya unavyoona" kuwa amekubali. Yeye alikuwa amechoka tu kunisikiliza, na alipoona nimenyoosha mkono na kutaja amani, akadhani mimi ndiye niliyelegea. Kila mmoja wetu aliondoka pale akijua mwenzake amesalimu amri. Watu wengine wangeulizana. Sisi tulizoea kushindana, hatukuzoea kuulizana.

Alhamisi nilikwenda kumpima baba kwa futi yangu ya kazini. Alinikodolea macho.

"Unanipima nini? Kama ni jeneza, achia nafasi mabegani. Sipendi kubanwa."

Nilimweleza kwamba ni kwa ajili ya birika la kumzamishia. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, kisha akanirekebisha nilivyoshika futi, maana kwake hata kipimo cha birika kilipaswa kuwa sawasawa. Nilifurahi siku ile. Nasema hivyo kwa sababu ndiyo siku ya mwisho niliyofurahi.

Nilichukua tangi la plastiki la lita elfu moja, nikalikata kwa urefu likawa na umbo la hori, nikasugua kingo zote kwa msasa zisimkwaruze. Nikatengeneza ubao wa kumlaza, na kamba mbili za kumshusha taratibu bila kumchosha. Ilikuwa kazi safi. Jumamosi saa tatu asubuhi nilifika nalo, nikalisukuma mpaka chumbani, likagoma mlangoni. Nilikuwa nimempima baba kila upande. Mlango sikuupima. Fundi wa miaka ishirini na miwili.

Mtu mwenye akili angerudi nyuma. Mimi nilichukua nyundo na patasi nikang'oa fremu ya mlango. Vumbi la plasta lilijaa chumbani, dada akamfunika baba uso kwa shuka. Baba hakulalamika. Alisema tu kutoka chini ya shuka, "Fremu hiyo niliiweka mwaka aliozaliwa kaka yako." Nikamwambia nitairudisha. Nikaingiza tangi, nikapitisha mpira wa maji dirishani, nikachanganya na maji ya moto niliyochemsha uani kwa masufuria manne, mpaka yakafika lita mia nne, vuguvugu. Dada akaona dawa ya kifua imeisha, akaenda duka la dawa. Aliacha kikombe cha maji kwenye stuli kando ya kitanda.

Kaka aliingia saa nne. Alikuwa amevaa suti yake ya harusi, na mkononi amebeba bakuli la mama, lile jeupe lenye ukingo wa bluu, limefunikwa kitambaa safi. Alisimama kwenye lile tundu lililokuwa mlango. Akatazama tangi. Mimi nikatazama bakuli.

"Hilo nini?" aliniuliza.

"Hilo lako nini?"

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana, ndiyo. Kwa nini umeleta bakuli?"

Akaona matofali yaliyobaki wazi pembeni mwa mlango, na mdomo wake ukacheza. "Kumbe wokovu wako haupiti mlangoni," alisema.

Angenitukana ningevumilia. Ule ulikuwa utani uleule wa kuoga, na mimi nilikuwa nimeubeba miaka kumi na minne. Nikalifuata daftari kwenye begi la vifaa.

Sitaki kuandika tuliyoyasema. Yote yamo kwenye daftari, hakuna jipya hata moja. Nilianza kwa sauti ya chini kwa sababu ya mgonjwa, naye akanijibu kwa sauti ya chini, na baada ya dakika tano kila mmoja alikuwa anataka kusikika. Tulisimama miguuni pa kitanda, tangi katikati yetu. Nilikuwa nikipiga kingo za tangi kwa kiganja kila nilipofika kwenye neno zito. Yeye alinyanyua bakuli juu kama ushahidi mahakamani, maji yakamwagikia suti. Nakumbuka nilijisikia vizuri. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Nilikuwa namkata kauli kila upande, hoja zinakuja zenyewe, nami nilijisikia vizuri.

Dada aliporudi hatukumwona akiingia. Tulichokisikia ni sauti yake, na haikuwa kubwa.

"Ameanza lini kuomba maji?"

Tuligeuka. Baba alikuwa ameegemea upande, mkono umenyooka kuelekea kwenye stuli, na kikombe kimelala sakafuni, kimemwagika chote. Midomo yake ilikuwa mikavu, imeshikana. Alikuwa amejaribu kukifikia mwenyewe. Alikuwa ametuita, dada alisema, maana yeye alimsikia tangu uani, akiita "maji, maji," kwa pumzi ile yake fupi. Tulikuwa hatua tatu kutoka kwake. Chumbani mlikuwa na lita mia nne na bakuli moja, na mimi na kaka hatukusikia.

Dada alikimbilia jikoni akarudi na kikombe kingine, akamnyanyua kichwa, akamnywesha. Alikunywa polepole, akapumzika, akanywa tena. Kisha akaongea, macho yakiwa kwenye dari.

"Waambie waondoe vitu vyao."

"Baba," kaka alianza.

"Mama yenu hakubishana na mtu," baba alisema. "Nilitaka alichokuwa nacho yeye. Hiki chenu sikitaki."

Akatupa kisogo, akageukia ukutani.

Nilichota yale maji kwa ndoo, ndoo baada ya ndoo, nikamwaga uani. Kaka alinisaidia, akiwa ndani ya suti yake. Fremu niliirudisha siku hiyohiyo, lakini plasta mpya haikulingana na ya zamani, na mpaka leo inaonekana.

Mnaweza kudhani tulirudiana tukamaliza mambo. Tulijaribu. Baba aliishi siku kumi na mbili zaidi. Siku ya tatu kaka alinijia nyumbani akaniambia, "Mzamishe wewe. Mimi nitamshika mkono. Nimekubali." Tukaenda. Baba alikataa kwa kichwa. Siku ya tano nilipiga moyo konde, nikaenda na kaka, nikaingia peke yangu, nimelibeba bakuli la mama. Nikapiga magoti palepale kaka alipokuwa amepiga siku ile.

"Baba, kaka yuko nje. Mruhusu akumwagie maji. Nimekubali."

Alinitazama kwa muda mrefu. Uso wake ulikuwa umekonda, macho makubwa, ila akili zake zilikuwa timamu kabisa.

"Unaona ni sawa?" aliniuliza. "Moyoni mwako. Kaka yako akinimwagia hayo maji, unaamini nimebatizwa?"

Ningesema ndiyo. Neno lenyewe ni fupi, hata mtoto anaweza kulisema. Nilifungua mdomo, na kurasa zote mia mbili zikaniziba koo. Sikuweza kusema uongo mbele ya Mungu, nikajiambia. Mimi, ambaye nilikuwa nimesema kila kitu kwa miaka kumi na minne, nikawa bubu kwa neno moja.

Baba alingoja. Kisha akaweka mkono wake kichwani pangu, ukiwa mwepesi kama kitambaa cha bitana.

"Basi, mwanangu," alisema. "Nenda ukale."

Alifariki Alhamisi iliyofuata, saa tisa alasiri, dada akiwa amemshika mkono. Nilimuuliza dada kama alisema chochote, kama aliomba, kama alitaja jina lolote. Dada alisema baba aliomba mto uinuliwe. Nilimuuliza tena kesho yake, na kesho kutwa, mpaka akaniambia nisimuulize tena.

Kanisa langu halikumzika kwa kuwa hakubatizwa. La kaka halikumzika kwa sababu hiyohiyo, na hapo napo tulikuwa upande mmoja. Dada ndiye aliyeomba kaburini, maneno mafupi ya mama. Sisi wazee wa kanisa wawili tulisimama pembeni, tukiinamisha vichwa.

Usiku na mchana nimekuwa nikilisoma daftari. Sitafuti tena kumshinda mtu. Natafuta mahali nilipokosea. Natafuta tundu moja ambamo baba yangu anaweza kupenya, na kila ninapoliona, naona mwandiko wangu mwekundu umeshaliziba. Kwamba alitaka moyoni: nimelijibu, ukurasa wa kumi na mbili. Kwamba alikuwa mgonjwa: ukurasa wa hamsini. Kwamba Mungu ana huruma: nimelijibu hata hilo. Nilifanya kazi safi. Hakuna panapovuja.

Wiki ya nne baada ya mazishi nilikwenda kwa kaka, kwa kuwa ilikuwa Jumatano na nywele zilikuwa zimeota. Hakukuwa na mtu kwenye benchi. Alinifunga kitambaa, akawasha mashine, akaanza upande wa kushoto. Kwa mara ya kwanza tulikuwa kimya. Alifika utosini, ndipo akaongea, akinitazama kwenye kioo.

"Yule mwizi," alisema.

"Mwizi gani?"

"Wa msalabani. Wako wa ukurasa wa arobaini na ngapi sijui." Aliinua mashine kutoka kichwani mwangu. "Nimemfikiria sana. Hakuzamishwa, hakumwagiwa, hakufanya kitu. Alisema maneno machache tu, tena akiwa anakufa, na akapokelewa. Na baba alisema alikuwa anazungumza naye. Ulimsikia mwenyewe. Si kitu kimoja hicho? Niambie, mdogo wangu. Si kitu kimoja?"

Nilijua alichokuwa anaomba. Hakuja kubishana. Alikuwa ananiomba, kwa jina la baba, nikubali kushindwa mara moja tu. Na Mungu ananiona, nilitaka kushindwa kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote duniani.

Lakini mdomo wangu umezoea. Mtu akinirushia hoja ile, jibu huja lenyewe, kabla yangu, kama mkono unavyojikinga na kofi. Nilijisikia nikisema, kwa sauti yangu ya siku zote, kwamba mwizi alikufa kabla ya amri. Nilitaka kunyamaza hapo. Nikasema ya pili. Kaka alikuwa ananitazama kwenye kioo, anatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayemsihi mwenzake asiendelee, na mimi nikaendelea.

"Na tatu," nilisema, "mwizi alipigiliwa misumari. Aliyeweza na asifanye..."

Sikuimalizia, ila haikuhitaji kumaliziwa. Yeye alikuwa anaijua.

Kaka alizima mashine. Aliiweka mezani taratibu, karibu na kitana, akapangusa mikono kwenye koti lake jeupe.

"Umenishinda," alisema.

Akatoka nje. Nilimsikia akivuta kiti cha kukaa barazani. Nilibaki mbele ya kioo na kitambaa shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, nikimsubiri arudi amalizie. Nilisubiri mpaka jioni. Hakurudi, na mimi sikujua nitoke nikamwambie nini.